Kijiti si wimbo wa fungate: nimeisikiliza albamu ya Siti Muharam pamoja na bibi yangu

#1 MpigaDumbaki

Asalaam alaykum jamaa wa baraza. Uzi mrefu huu, mwenye haraka zake apite.

Mie napiga dumbaki, ile ngoma ndogo ya taarabu. Siku tatu kwa wiki, baada ya magharibi, utanikuta kwenye kijukwaa cha hoteli moja ya Mji Mkongwe (jina silitaji, riziki yangu imo mle), tunapigia wageni wakila pweza. Tuna udi, fidla, ganuni siku ambayo mwenyewe hana harusi, na dada mmoja mwimbaji. Mwezi uliopita wakaja wageni mtu na mkewe, wako fungate. Bwana akamwita mhudumu, akamwonyesha simu: huu wimbo mnaujua? Simu ikaletwa mpaka kwangu. Kuangalia, albamu ya Siti Muharam, na wimbo wenyewe Kijiti.

Tukaupiga. Ala zilipokolea wakasimama, wakakumbatiana, bibi harusi kalaza kichwa begani kwa mwenzake, kafumba macho. Dada yetu alipofika ubeti wa jaji akanitupia jicho, nami nikainamia ngozi ya dumbaki kama naikagua. Wanaoujua Kijiti washanielewa. Wale wawili walikuwa wakicheza juu ya maiti ya mwanamke mja mzito.

Wakatutunza dola 20. Tukagawana. Sehemu yangu niliitia mfukoni bila furaha.

Kesho yake nikenda Miembeni kumpelekea bibi boflo. Bibi ana miaka themanini na ushei na bado anashona kofia, tena za vitobo vidogo, macho yale yale. Nikamwekea albamu nzima kwenye spika ndogo, mwanzo mpaka mwisho, nikakaa jamvini kumtazama.

Kwa wasioijua: Siti of Unguja imetoka 2020 kwa lebo ya On the Corner ya London. Siti Muharam ni kitukuu cha Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu mkubwa wa taarabu wa zamani, na nyimbo alizochagua ni zile zile za bibi yake mkuu pamoja na zile tulizozizoea kwa Bi Kidude, mwimbaji aliyemfuata. Matona ndiye mwenye udi na mpango wa ala. Kuna na zumari nene ya Kizungu, ile klarineti ya besi, inavuma chini kama honi ya meli inayoingia Malindi alfajiri. Mie niliipenda. Bibi akauliza: "Nani huyo anakoroma?"

Machozi ya Huba ikapita, bibi anashona. Sikitiko, anashona, mdomo unafuatisha maneno. Nyuki, akacheka peke yake, nilipomuuliza anacheka nini akaniambia mie ni mwanamme, nisonge mbele. Ashikibaya, anashona.

Ilipoingia Kijiti sindano ikasimama.

Akaichomeka kwenye kofia, kofia akaiweka gotini, akaniambia punguza. Halafu akanihadithia kama aliyekuwepo, na alikuwa hajazaliwa. Kasikia kwa mamake, na mamake alikuwa mtoto wa Ng'ambo siku ambazo Siti akikaa jioni na wenzake wakiyageuza mambo ya mtaani kuwa nyimbo. Kuna mwanamke mgeni, katoka Dar es Salaam, ana mimba. Kijiti akamchukua kumpeleka ngomani pamoja na wanawake wengine wa mjini. Walitoka bila ruhusa, gini imo kapuni. Ngoma ilikuwa Chukwani, mauti yakawa Sharifu Msa. Alimwingiza maguguni mzima, akamrejesha maiti. Kijiti akavuka maji akakimbilia bara. Kesi ikaja mbele ya jaji, na jaji hasira zake zikawaangukia mashahidi. Akawatukana "bladfuli", na neno hilo Siti kalitia ndani ya wimbo kama lilivyotoka kinywani mwa Mzungu, halikupigwa pasi. Waliotiwa ndani ni mashahidi.

"Na foliti?" nikamuuliza. Maana wimbo unasema Kijiti alimchukua mgeni kumchezesha foliti, na foliti ndiyo ile ya kufukuzana tuliyocheza skuli.

Bibi akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi. "Wewe una watoto watatu. Unaniuliza foliti?"

Akachukua kofia yake. Baada ya kitambo, bila kunyanyua macho: "Mnaupiga huo kwa watu wanaokula?"

Hapo ndipo nilipo, jamaa zangu. Tuwaeleze wageni kabla hatujapiga? Tuuache? Au mie ndiye ninayejisumbua?

#2 Kahawa Chungu

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, hujisumbui, lakini unataka kuvunja mwiko. Taarabu haielezwi. Tangu lini mwimbaji akasimama akasema "huu nimemwimbia fulani kwa sababu fulani"? Anaimba, mwenye lake anajijua, anainuka na noti yake anakwenda kutunza, na aliyepigwa anajua kapigwa. Utamu wote uko hapo. Ukishafafanua fumbo umebakisha nini?

#3 Binti Wete

Mie nnatoka Pemba na nnapinga. Kahawa Chungu unasema kweli kwa nyimbo nyingine zote, Kijiti usiutie humo.

Tazama ulivyotungwa. Jina la muuaji lipo. Majina ya waliofungwa yapo. Mahali pa ngoma, mahali pa mauti, kinywaji, alichokisema jaji, mimba tumboni. Fumbo liko wapi hapo? Ukiondoa foliti, ambayo ni stara tu ya kutolitaja lile jambo, wimbo mzima uko wazi kama hati ya polisi. Siti alikuwa bingwa wa mafumbo akitaka. Pale hakutaka. Mahakama imekwishasema lake, muuaji yuko bara anakula samaki, pamebaki mahali pamoja tu pa kumshitaki. Na halafu zikaja santuri, jina likasikika mpaka kwenye mikahawa ya huko huko alikokimbilia.

Kwa hiyo anayeueleza Kijiti havunji mwiko. Anausoma ulivyoandikwa.

Nyumbani kwetu tuliusikia redioni, Sauti ya Tanzania Zanzibar, mchana watu wanapumzika. Mama alikuwa akiufikia ule ubeti wa mwisho wa maapizo, wanapomwombea Kijiti ashuke matende, anasema "amin" kwa sauti. Sisi watoto tukadhani ni dua.

#4 Msukuma wa Kirumba

Wakuu, mimi ni mtu wa Mwanza, hii albamu naisikiliza garini karibu kila wiki na nilikuwa najua ni mapenzi mwanzo mwisho 😳 Sauti yenyewe laini, zumari inabembeleza, unategemea nini? Lugha naijua lakini ile ya kuimba inavutwa sana, nashika neno moja moja. Nilishika "mgeni" nikajua anakaribishwa.

Naomba kuuliza. Ule wimbo mwingine wa albamu, Pakistan, nao una maiti?

#5 Kahawa Chungu

Pakistan hauna maiti, kunywa maji.

Wimbo wa zamani huo, Bi Kidude aliuimba mpaka watu wakaona ni wake. Una maneno yenye harufu ya Kihindi na Kiarabu kwa pamoja, na sisi mitaani tuliyaimba bila kuyauliza tafsiri. Alaminadura, nao umo kwenye albamu, ni ndugu yake, Kiarabu kilichopita kwenye midomo mingi isiyojua Kiarabu mpaka kikawa chetu. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alizishika nyingi kwa sikio tu, alikuwa akimsikiliza Siti.

#6 Hesabu za Mnazi Mmoja

Naingilia kati kwa jambo dogo linalonikera kila nikisoma kwamba Pakistan ni "wimbo wa Siti wa 1928".

Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV mwaka 1928. Sawa. Nchi ya Pakistan imezaliwa Agosti 1947. Hata jina lenyewe lilitungwa 1933. Haiwezekani mtu kwenye santuri ya 1928 akaitaja nchi ambayo hata mwenye kuibuni hajaibuni. Siti kafariki Julai 1950, basi kama aliuimba kwa jina hilo, ni katika miaka yake ya mwishomwisho. Ama wimbo ulikuwepo na neno likaingia baadaye, maana nyimbo hizi hazikuwa zikikaa kimya, kila kinywa kiliongeza chake.

Samahani kwa kuwaharibia mazungumzo, mie ni mwalimu wa hesabu.

#7 Binti Wete

Mwalimu, hujaharibu. Ila na mimi nikukumbushe santuri zile zilikuwa zikibeba kama dakika tatu upande mmoja. Wimbo uliokuwa ukiimbwa nusu saa harusini ulikuwa unakatwa ukae mle. Kwa hiyo santuri nayo si wimbo mzima, ni kipande kilichoenea kwenye sahani. Wazee wana beti ambazo sahani haina. Ndiyo maana bibi wa mleta uzi ana thamani kuliko maktaba.

#8 Sanduku na Mkwasa

Mie nimekulia kwenye kidumbaki, taarabu ya mitaani, nitasema la moyoni na mnivumilie.

Albamu ni nzuri, sauti ya Siti Muharam ni ya kwake, hakumwigiza mtu. Bi Kidude alikuwa akiukwaruza wimbo kama anakwangua chungu, huyu anaumimina taratibu, na anajua pa kunyamaza. Ila kuna mahali ala zinamfunika. Klarineti inaingia na habari zake. Kwenye Machozi ya Huba nnaona imekaa, imekuwa kama mtu wa pili anayelia. Kwenye Kijiti nimeona inapendezesha kisichotakiwa kupendeza. Mtu wa fungate akicheza pale, nnamlaumu nusu, nusu nnaulaumu mchanganyiko wenyewe.

Siti mkubwa alikuwa na kina Subeit Ambari, Buda, Mbaruk Effandi, ala chache, sauti inatoboa. Huna nafasi ya kupumbazika.

#9 MpigaDumbaki

@Sanduku na Mkwasa hapa tutagombana kidogo. Kama ingekuwa udi na rika (tari ndogo) tupu, yule mgeni angeifikia? Na bibi yangu, aliyelalamika kuhusu mkoromo, sindano ilisimama. Haikusimama kwa sababu ya klarineti wala haikuzuiwa nayo. Ilisimama kwa maneno. Anayejua lugha hadanganyiki na ala.

Ila umenipa jambo. Sisi hotelini ndio tunaoupendezesha zaidi. Tumeufanya wa polepole, mwimbaji anatabasamu (ameambiwa atabasamu, ni sharti la kazi), na kwa kuwa wageni wanachoka, tunaruka ubeti wa matende. Miaka minne naupiga wimbo huu bila ubeti wa matende. Lawama ya London niliyotaka kuitoa imenirudia mwenyewe.

#10 Bwana Shamba Fumba

Salaam kutoka Fumba, alikozaliwa Siti binti Saad mwenyewe. Leo pana mji mpya na majumba ya ghorofa, lakini wazee bado wanaweza kukwambia habari za mtoto aliyeitwa Mtumwa, mamake mfinyanzi, akipakia vyungu vya mamake kwenda kuviuza huku anaimba, na watu wakimjua anakuja kabla hawajamwona. Kaingia mjini 1911. Akafunzwa udi na kuimba Kiarabu, maana wakati ule taarabu ni mambo ya kasri, iliyoletwa kutoka Misri tangu enzi za Sayyid Barghash, na kikundi cha Ikhwani Safaa kiko tangu 1905, wote ni Kiarabu. Yeye akaiteremsha kwenye Kiswahili.

Na waliomchukia wakamwimbia kwamba alikuwa mtu lini, katoka shamba na kaniki mbili, bila sauti angekula nini. Jibu lake Shaaban Robert kaliweka kwenye wasifu wake, mtafute mwenyewe.

Nnachotaka kusema ni hiki: mtu aliyetukanwa hivyo ndiye aliyemwimbia mwanamke mgeni asiye na ndugu hapa. Nnaona hakuhitaji kuelezwa mgeni ni nani.

#11 Msukuma wa Kirumba

Jamani. Nimeusikiliza tena leo asubuhi kwenye foleni, sasa naelewa karibu kila neno. Nilizima kabla haujaisha. Sijui kama huo ni uungwana au uoga.

#12 Kahawa Chungu

Binti Wete kanishinda, nakubali, sikuwahi kuutazama kwa majina. Lakini swali la mleta uzi bado. Utamweleza nini mtu anayekula pweza yuko fungate? "Karibuni, wimbo ufuatao ni wa mauaji"? Meneja atakufukuza kabla ya mchuzi.

Na jambo jingine la kuchekesha kwa uchungu: Chukwani hiyo hiyo ndiko liliko Baraza la Wawakilishi leo. Sheria zinatungiwa palipopigwa ngoma ile.

#13 Shoga wa Darajani

Nimewasoma nyote kimya tangu jana. Mimi ni mwimbaji, si yule wa hoteli ya mleta uzi, lakini kazi ni hiyo hiyo.

Kaka MpigaDumbaki, nyie wapigaji mnafikiri sisi tunaoimba hatujui tunachokiimba. Mimi nikiimba Kijiti kwa wageni huwa namtafuta mwanamke mmoja wa Kiswahili ukumbini, mara nyingi ni mhudumu au mpishi amesimama mlangoni, namwimbia yeye. Wageni wanaendelea na mambo yao. Siku moja mpishi mmoja aliacha sufuria akaja mpaka ukingo wa jukwaa, kashika mwiko, akasikiliza wote. Alinitunza shilingi elfu mbili, mikono yake ina mafuta ya nazi. Noti ile nimeiweka mpaka leo, ina alama za vidole.

Kwa hiyo kueleza si lazima uchukue kipaza sauti. Ila ubeti wa matende kaka, huo urudisheni. Mnaruka vipi adhabu mkaacha kosa?

#14 Binti Wete

@Shoga wa Darajani 🙏🏾 Hapo kwa adhabu na kosa umemaliza maneno.

#15 MpigaDumbaki

Naleta mrejesho, niliwaahidi baadhi yenu faragha.

Alhamisi niliwakalisha wenzangu kabla ya kupanda jukwaani. Mpiga udi, ambaye ni mkubwa wetu, alikuwa anaujua ubeti wa matende kwa moyo. Akasema aliacha kuupiga kwa sababu nilipojiunga mie nilikuwa nashindwa kuufunga kwa wakati, nachelewa, basi akaona aufiche ili nisiaibike. Miaka minne! Nilitaka ardhi ipasuke. Tukafanya mazoezi nyuma ya jiko, juu ya kreti za soda, mpaka mkono wangu ukakaa.

Dada yetu akaweka masharti mawili: tutaharakisha mwendo kama ulivyokuwa kwenye santuri, na hatabasamu.

Tukapiga wote. Hakuna aliyecheza. Meza moja ya wazee wa Kizungu waliacha kula, hawajui neno hata moja, ila waliweka uma chini. Wahudumu wawili walisimama karibu na nguzo. Mwisho hakuna aliyepiga makofi kwa muda kidogo, kisha mtu mmoja akaanza. Meneja akanifuata: "Leo mmefanya nini, mbona kama msiba?" Nikamwambia tumeongeza ubeti mmoja. Akasema ubeti uwe mmoja tu, wa pili mtaniona. Mpaka leo sijafukuzwa.

Bibi nilimrekodia kwa simu. Kasikiliza mpaka matende, akasema amin, kama mama wa Binti Wete, wallahi sikumfundisha. Halafu akasema dumbaki limechelewa.

Ijumaa tunapiga tena. Anayetaka kuja apite mlango wa jikoni, amwambie mlinzi anamtafuta mpiga dumbaki, na asile kabla, jikoni huwa hapakosi kitu.